Ndugu akipoteza kazi Marekani kabla ya kadi ya kijani: njia zilizobaki na tarehe za kuangalia

GATUMBA, Bujumbura – Mfanyabiashara wa mpakani hupata habari mbaya kwa simu. Mara lori limekwama, mara mzigo umezuiwa forodhani, mara bei ya mawese imeshuka Uvira. Siku hizi kuna simu nyingine inayotikisa mtaji: ndugu aliyeko Marekani, yule aliyekuwa akituma kila mwezi, ameachishwa kazi, na kadi yake ya kijani bado haijatoka.

Swali la kwanza linaloulizwa ni moja: je, atarudishwa? La pili huja kimya kimya: je, arudi mwenyewe, achukue akiba yake tuiweke kwenye biashara hapa Gatumba?

Makala hii inajibu maswali hayo mawili. Kwa ufupi, kupoteza kazi si sawa na kupoteza ombi la kadi ya kijani. Kwa wengine kazi haihusiani kabisa na ombi. Kwa wengine inahusiana, lakini sheria inawapa muda na njia za kujiokoa. Kosa ambalo mara nyingi halirekebishiki ni kupanda ndege kabla ya kujua uko upande gani.

Makala haichukui nafasi ya mwanasheria. Inamsaidia msomaji kujua aulize nini, na aulize kabla ya tarehe gani.

Swali la kwanza: ombi limesimama juu ya nini?

Kadi ya kijani ni kitambulisho cha mkaazi wa kudumu wa Marekani. Watu huifikia kwa njia tofauti, na kila njia ina nguzo yake. Kabla ya jambo lolote, muulize ndugu yako nguzo ya ombi lake ni ipi kati ya hizi:

1. Ukimbizi au hifadhi. Nguzo ni hali yake ya ukimbizi, si kazi.

2. Familia. Nguzo ni undugu au ndoa. Kazi inaingia kwa mlango wa nyuma, kwa sababu anayemwombea mwenzake lazima aonyeshe kipato.

3. Mwajiri. Nguzo ni kazi aliyoahidiwa. Hapa ndipo kuachishwa kazi kunauma zaidi.

4. Bahati nasibu ya viza. Nguzo ni jina kuchaguliwa, pamoja na elimu ya sekondari au uzoefu wa kazi.

Watu wawili wa ukoo mmoja, wanaoishi mji mmoja na walioachishwa siku moja na kiwanda kimoja, wanaweza kuwa na majibu tofauti kabisa. Mmoja alifika kama mkimbizi, mwingine kwa viza ya kazi. Ushauri uliomfaa wa kwanza unaweza kumzamisha wa pili.

Waliotoka Gatumba kama wakimbizi

Kwa mji wetu, kundi hili ndilo la kuanza nalo. Usiku wa 13 Agosti 2004, kambi ya wakimbizi ya Gatumba ilishambuliwa na watu zaidi ya 150 wakauawa, wengi wao Wabanyamulenge waliokuwa wamekimbia kutoka Kongo. Kundi la waasi la FNL lilikiri kuhusika. Miaka iliyofuata, mamia ya walionusurika walipokelewa Marekani. Mmoja wao, Sandra Uwiringiyimana, ambaye familia yake ilifika Rochester, New York, mwaka 2007, ameandika kitabu kuhusu safari hiyo. Baada yao Wakongo na Warundi wengine wengi walifuata kwa mpango huo huo wa wakimbizi.

Aliyeingia Marekani kama mkimbizi ana haki ya kufanya kazi tangu siku ya kwanza kwa sababu ya hali yake, si kwa sababu ya mwajiri fulani. Akifukuzwa kiwandani, bado ni mkimbizi. Sheria inamtaka aombe kadi ya kijani baada ya kukaa Marekani mwaka mmoja. Ombi ni fomu I-485, na mkimbizi halipii ada ya fomu hiyo. Kadi ikitoka, tarehe ya ukaazi wake hurudishwa nyuma hadi siku aliyoingia nchini.

Mkimbizi pia hapimwi kwa kigezo cha kuwa mzigo kwa serikali. Kwa hiyo kukosa kazi siku ombi linaposomwa si sababu ya kumnyima kadi. Aliyepewa hifadhi akiwa ndani ya Marekani yuko karibu na hali hiyo hiyo: anaweza kuomba baada ya mwaka mmoja tangu alipopewa hifadhi, na kazi si sharti.

Asichanganywe na mtu ambaye ombi lake la hifadhi bado halijaamuliwa. Huyo ana kibali cha kazi cha muda tu, na hawezi kuomba kadi ya kijani kwa njia hiyo mpaka hifadhi ikubaliwe.

Hatari ya mkimbizi aliyepoteza kazi iko mahali pengine: kuhama. Mtu akikosa kazi Texas husikia kwamba kuna viwanda vya nyama Iowa, akafunga virago. Barua ya kuitwa kupimwa alama za vidole inakwenda anwani ya zamani, hatokei, na ombi linafungwa. Sheria inamtaka mgeni atoe taarifa ya anwani mpya ndani ya siku 10, kwa fomu AR-11.

Waliofunguliwa ombi na mwajiri

Njia hii kwa kawaida ina hatua tatu. Kwanza, mwajiri anaiomba Wizara ya Kazi ya Marekani ithibitishe kwamba hakupata Mmarekani wa kuifanya kazi hiyo. Pili, mwajiri anapeleka fomu I-140 kwa idara ya uhamiaji, USCIS. Tatu, mfanyakazi mwenyewe anajaza I-485 akiwa Marekani, au anasubiri viza ya uhamiaji katika ubalozi akiwa nje. Mara nyingi kati ya hatua ya pili na ya tatu kuna foleni, na kila mtu ana tarehe yake kwenye foleni hiyo.

Madhara ya kuachishwa yanategemea hatua aliyofikia.

Kabla ya I-140 kukubaliwa. Hapa hasara ni kubwa. Kibali cha Wizara ya Kazi ni cha mwajiri yule na kazi ile. Mwajiri mpya ataanza upya, na mfanyakazi hana tarehe ya foleni ya kubeba.

I-140 imekubaliwa, lakini I-485 bado. Hapa ana kitu mkononi. Kwa kawaida tarehe yake ya foleni inabaki yake hata kama mwajiri wa zamani ataliondoa ombi, isipokuwa kukiwa na udanganyifu au kosa kubwa katika ombi lenyewe. Mwajiri mpya ataanza hatua ya kwanza na ya pili tena, lakini mfanyakazi atasimama foleni pale pale alipokuwa. Na kama I-140 ilikuwa imetimiza siku 180 tangu ikubaliwe, mwajiri kujitoa hakuifuti. Hilo humsaidia pia mwenye viza ya H-1B kuongezewa muda kupita kikomo cha kawaida cha miaka 6.

I-485 imepelekwa, siku 180 hazijafika. Hapa ni patamu na pachungu. Mwajiri akiondoa ombi, I-485 inaweza kukataliwa. Inafaa kuongea na mwajiri kwa heshima na kumwomba asiharakishe kuandika barua ya kujitoa. Kadi ya kijani inahusu kazi ya baadaye. Kama kampuni bado ina nia ya kweli ya kumwajiri kadi itakapotoka, ombi linaweza kuendelea hata kama leo hayuko kazini.

I-485 imepita siku 180. Huyu yuko mahali pazuri. Sheria ya mwaka 2000 inayojulikana kama AC21 inamruhusu kuhamia kazi nyingine iliyo sawa au inayofanana na ile ya kwanza, bila kuanza upya. Mwajiri mpya anajaza nyongeza ya fomu hiyo iitwayo Supplement J. Inawezekana hata kujiajiri, mradi kazi ni ya aina ile ile na ni ya kweli.

Siku 180 zinahesabiwa tangu USCIS ilipolipokea ombi. Aliyepokelewa 10 Januari 2026 anatimiza siku 180 tarehe 9 Julai. Tofauti ya kuachishwa Juni na kuachishwa Agosti ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye kalenda. Mwenye uwezo wa kujadiliana na mwajiri kuhusu siku yake ya mwisho kazini ajadiliane akiwa na tarehe hiyo mkononi.

Kuna wachache waliojiombea wenyewe bila mwajiri, kwa mfano wenye vipaji vya juu kabisa, au wale ambao kazi yao imeonekana ina manufaa kwa taifa la Marekani. Ombi la hawa halifi kwa sababu ya kuachishwa, ila lazima waonyeshe kuwa wanaendelea na fani yao.

Siku 60 za neema

Mwenye I-485 iliyopokelewa anaruhusiwa kubaki Marekani wakati ombi linasubiri, na akiwa na kibali cha kazi kilichotokana na ombi hilo anaweza kufanya kazi kokote. Asiye nayo, anayeishi kwa viza ya kazi tu, anahesabiwa siku.

Tangu 17 Januari 2017, kanuni inawapa wenye viza za H-1B, L-1, O-1 na nyingine chache muda usiozidi siku 60 baada ya kazi kwisha. Muda wa kukaa ulioandikwa kwenye rekodi yake ya I-94 ukiisha kabla ya siku 60, basi na neema imeisha siku hiyo. Hesabu huanza siku inayofuata siku ya mwisho ya kazi, ambayo kwa kawaida ni siku ya mwisho aliyolipiwa mshahara. Malipo ya kiinua mgongo yanayokuja baadaye hayaongezi siku.

Mfano: kazi imekwisha 3 Machi. Siku ya kwanza ni 4 Machi, na siku ya 60 ni 2 Mei. Kabla ya tarehe hiyo kupita, moja ya mambo haya liwe limefanyika:

- Mwajiri mpya amepeleka ombi la H-1B. Aliyekuwa na H-1B anaweza kuanza kazi mpya ombi linapopokelewa, bila kungoja likubaliwe.

- Amepeleka I-485, kama tarehe yake ya foleni imefika na ana msingi wa kufanya hivyo.

- Amepeleka ombi la kubadili hali: kuwa tegemezi wa mume au mke mwenye viza, mwanafunzi, au mgeni wa muda. Mgeni wa muda na tegemezi wa kawaida hawaruhusiwi kufanya kazi, na mwanafunzi ana mipaka mikali.

- Ameomba kibali cha kazi cha mwaka mmoja kwa sababu nzito. Hiki ni kwa mwenye I-140 iliyokubaliwa anayekwama kwenye foleni na aliyepatwa na jambo kubwa, kama ugonjwa mzito. Kupoteza kazi peke yake kwa kawaida hakutoshi.

- Ameondoka nchini. Kama ana H-1B na mwajiri ndiye aliyemwachisha kabla ya muda kwisha, mwajiri anatakiwa kugharimia nauli ya kawaida ya kumrudisha alikotoka.

Kukaa kimya si njia. Anayekaa bila kibali zaidi ya siku 180 kisha akaondoka, anaweza kuzuiwa kurudi kwa miaka 3. Akipitisha mwaka mmoja, ni miaka 10.

Dereva aliyeko huku anayesubiri

Wapo madereva na mafundi wa kanda hii walioahidiwa kazi na kampuni za Marekani huku wao wakiwa bado nyumbani. Kwao hali ni ngumu zaidi. Ulinzi wa kuhamisha ombi baada ya siku 180 ni wa mwenye I-485, yaani aliyeko ndani ya Marekani. Anayesubiri viza nje, kampuni ikifunga au ikifuta nafasi, hana kazi ya kuingilia, na viza haitolewi. Kama I-140 ilikubaliwa, tarehe ya foleni inaweza kubaki kwa ajili ya mwajiri mwingine. Hicho tu.

Wasafirishaji wanapaswa kujua mambo matatu zaidi.

La kwanza, viza ya H-1B ni ya kazi zinazodai shahada. Udereva wa lori haumo. Anayekuuzia H-1B ya udereva anakuuzia karatasi.

La pili, 21 Agosti 2025 Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Marco Rubio, alitangaza kusimamisha utoaji wa viza za kazi kwa madereva wa malori. Mwezi uliofuata Wizara ya Uchukuzi ya nchi hiyo ilitoa kanuni ya dharura ya kubana leseni za malori kwa wageni wasio wakaazi wa kudumu. Kanuni hiyo ilipingwa mahakamani. Mwenye kadi ya kijani hahusiki nayo. Lakini mkimbizi au mwomba hifadhi aliyeachishwa kiwandani, anayetaka kulipia chuo cha udereva wa malori, aulize kwanza jimbo lake linatoa leseni kwa watu wa hali yake au la, ndipo alipe.

La tatu, tangu Julai 2007 sheria ya Marekani inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kuomba kibali cha Wizara ya Kazi. Wakala anayekuambia uuze kiwanja ili ulipie hatua hiyo, anakueleza kosa lake mwenyewe.

Ndugu aliyeomba mke na watoto, kisha akapoteza kazi

Hapa ndipo familia nyingi za huku zinaguswa moja kwa moja. Mume yuko Marekani, mke na watoto wako Bujumbura au Uvira, makaratasi yamefika ubalozini, na mume kaachishwa.

Ombi la familia halifi kwa kukosa kazi. Tatizo ni fomu I-864, ahadi ya kumtunza anayekuja. Anayeomba lazima aonyeshe kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha Marekani. Kwa kiwango cha mwaka 2025, kaya ya watu 4 ilihitaji dola 40,187 kwa mwaka, isipokuwa Alaska na Hawaii ambako viwango ni vya juu zaidi.

Akipungukiwa, kuna njia tatu:

1. Mdhamini wa pili. Awe raia au mkaazi wa kudumu, mwenye miaka 18 au zaidi, anayeishi Marekani na mwenye kipato cha kutosha. Si lazima awe ndugu. Lakini aelezwe mapema kwamba ahadi hiyo ni mkataba unaoweza kudaiwa mahakamani, si saini ya kusaidiana tu.

2. Kipato cha mtu wa kaya anayeishi na mwombaji, akikubali kukiunganisha.

3. Mali. Kwa mke au mtoto wa raia, mali iwe mara 3 ya kipungufu; kwa familia ya mkaazi wa kudumu, kwa kawaida mara 5. Aliyepungukiwa dola 10,000 ataonyesha mali ya dola 30,000 au 50,000.

Mali inaweza kuwa nje ya Marekani, na inaweza kuwa ya yule anayeombewa, mradi iweze kugeuzwa fedha ndani ya mwaka mmoja na fedha hizo ziweze kutolewa nchini. Mfanyabiashara mwenye nyumba Bujumbura asiidharau njia hii, ila hati ya umiliki na tathmini ya bei ziwe safi. Kiwanja cha Gatumba kilichofunikwa na maji tangu Rusizi ilipofurika 2020 kinaweza kuwa chako kwa hati, lakini ni kazi kumshawishi ofisa wa viza kwamba kitauzwa ndani ya mwaka.

Mume akiwa aliingia kama mkimbizi, auliziwe njia nyingine: fomu I-730. Hiyo ni ya kuwaita mke na watoto wa mkimbizi, na haidai I-864. Ila inatakiwa ipelekwe ndani ya miaka 2 tangu alipoingia Marekani. Waliochelewa wamekuwa wakilazimika kutumia njia ya kawaida ya familia, yenye masharti ya kipato.

Aliyeshinda bahati nasibu ya viza naye huonyesha kwamba hatakuwa mzigo kwa serikali, hivyo mdhamini wake akipoteza kazi ni bora atafute barua ya mdhamini mwingine mapema. Nafasi yake huisha 30 Septemba ya mwaka wa fedha aliochaguliwa, na haihamishiwi mwaka unaofuata. Ajue pia kwamba Desemba 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kuusimamisha mpango huo.

Usivuke kabla ya kuuliza

Sasa turudi kwenye swali la pili: arudi alete akiba yake kwenye biashara?

Mwenye I-485 inayosubiri, akitoka Marekani bila ruhusa maalumu ya kusafiri na kurudi, ombi lake huhesabiwa kuwa ameliacha. Wapo wenye H-1B au L-1 hai wasiofungwa na sharti hilo, lakini aliyeachishwa kazi ndiye hasa aliyepoteza kinga hiyo. Msiba ukitokea nyumbani, familia isimlaumu anayesema hawezi kuja wiki hii. Safari ya siku 10 inaweza kufuta subira ya miaka 10.

Aliyeondoka kisha akapata mwajiri mpya anakutana na ukuta mwingine. Tangazo la Rais la 19 Septemba 2025 liliweka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B. USCIS ilieleza Oktoba 2025 kwamba maombi ya kubadili mwajiri au kuongeza muda kwa mtu aliye ndani ya Marekani mwenye hali halali hayahusiki. Kwa maneno mengine, mtu yule yule, kwa mwajiri yule yule, anaweza kuajirika akiwa ndani na asiajirike akiwa nje.

Kwa Warundi kuna zaidi. Tangazo la Rais lililoanza kutumika 9 Juni 2025 liliiweka Burundi kati ya nchi zenye vizuizi vya sehemu: viza za uhamiaji, pamoja na za biashara na utalii, masomo na mafunzo. Tangazo la Desemba 2025 liliendeleza vizuizi hivyo kwa Burundi na kuongeza nchi nyingine, Tanzania ikiwemo. Desemba hiyo hiyo USCIS iliagiza maombi ya watu wa nchi 19 za orodha ya kwanza yaliyokuwa yakisubiri yasimamishwe kwa ukaguzi, hata kwa walioko ndani ya Marekani. Novemba 2025 kulikuwa na agizo la kupitia upya wakimbizi walioingia kati ya Januari 2021 na Februari 2025. Na Januari 2026 ikatangazwa kusimamishwa kwa viza za uhamiaji kwa nchi 75, zikiwemo kadhaa za kanda yetu.

Matangazo haya hubadilika, na mengine yako mahakamani. Asiyejua kama yanamgusa asiyategemee maneno ya kijiweni: aangalie tarehe ya siku anayotaka kusafiri, uraia wa pasipoti yake na hali yake ya uhamiaji, kisha aulize.

Mkimbizi ana tahadhari yake ya peke yake. Anasafiri kwa hati ya kusafiria ya wakimbizi, si kwa pasipoti ya nchi aliyoikimbia. Mbanyamulenge aliyepokelewa kwa kuikimbia Kongo akija Bujumbura kuona wazee, yuko Burundi. Akivuka daraja na kugongewa muhuri Kavimvira ili akaone shamba Uvira, ameingia katika nchi aliyosema hawezi kuishi kwa usalama. Ofisa wa uhamiaji anaweza kumuuliza juu ya muhuri huo, hata baada ya kupata kadi. Kwa wafanyabiashara wa Gatumba kuvuka ni jambo la asubuhi na jioni. Kwa mgeni wenu huyo si hivyo. Msimchukue kwenye gari kwa mazoea.

Aliyekwisha pata kadi ya kijani hapotezi kadi kwa kuachishwa kazi. Lakini akija kufanya biashara huku, aangalie kalenda. Kukaa nje zaidi ya miezi 6 kunaweza kukatiza hesabu ya miaka ya kuomba uraia. Anayepanga kukaa mwaka mmoja au zaidi aombe kwanza kibali cha kurudi, na kibali hicho kinaombwa akiwa Marekani. Hata safari fupi zikirudiwa rudiwa, ofisa anaweza kuuliza: unaishi wapi hasa?

Mambo ya kufanya wiki ya kwanza

Tumuandikie ndugu aliyeachishwa orodha hii, tumtumie kwa simu:

1. Andika siku ya mwisho ya kazi na siku ya mwisho ya malipo. Kama uko kwa viza ya kazi, hesabu siku 60 na uandike tarehe ya mwisho ukutani.

2. Kusanya karatasi: barua ya kuachishwa, hati za mshahara, I-94, stakabadhi za USCIS, nakala ya I-140 kama ipo, pasipoti. Mwombe mwajiri nakala kabla ofisi haijakufungia mlango.

3. Angalia tarehe ya kupokelewa kwa I-485. Hesabu siku 180.

4. Mkimbizi, mwenye hifadhi na mwenye kadi ya kijani waombe mafao ya kukosa kazi ya jimbo mapema. Mafao hayo yanatokana na kazi aliyoifanya, na hayahesabiwi kuwa ni kuwa mzigo kwa serikali. Mwenye viza ya kazi aulize kwanza, maana majimbo hudai mtu awe huru kuanza kazi yoyote.

5. Ukihama, toa taarifa ya anwani ndani ya siku 10.

6. Usifanye kazi bila kibali, hata ya wikiendi, hata kwa ndugu.

7. Tafuta mwanasheria mwenye leseni, au mwakilishi wa shirika aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani. Mwenye duka la kujaza fomu si mwanasheria, hata kama anaongea Kiswahili kizuri.

Na sisi wa huku tuna letu la kufanya. Tusimwombe hela miezi hiyo miwili. Mwanasheria na ada za maombi mapya vinaweza kula akiba yote, na dola mia tano zilizokwenda kwenye mzigo wa vitenge zinaweza kuwa ndizo zilizokosekana siku ya 59. Mzigo unaweza kungoja msimu ujao. Tarehe ya USCIS haingoji.